Sombe ya Dakika Sita

Mpendwa Mama Onema,

Nisaidie mama, maana nimefika mahali ambapo nikisema nitaumiza mtu mmoja na nikinyamaza nitaumiza wengi, na katika Kindu yote hakuna ninayeweza kumweleza ila jirani yangu Adolphine, ambaye naye ameshiriki kosa langu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo ushauri wake siuamini.

Nimeolewa miaka kumi na sita sasa, bwana wangu anaitwa Hamadi, ni karani wa bidhaa pale stesheni ya reli, tunakaa katika zile nyumba za watu wa reli zinazopata umeme kuanzia saa sita mchana mpaka saa tisa na tena jioni, tuna watoto wanne na mkubwa wao ni Jamila wa miaka kumi na minne. Majina haya ni ya macho yako tu, tafadhali usiyachapishe, kwa sababu bwana wangu hununua gazeti lenu kila mwezi na ukurasa wako huusoma kwa sauti barazani mbele ya wenzake, wanawacheka watu na shida zao, na mimi humo ndani nacheka pamoja nao.

Mambo yalianza mwezi wa tisa mwaka jana. Mhandisi mmoja Mbelgiji alimaliza mkataba wake akarudi kwao, na siku ya kugawa vitu vyake akampa bwana wangu mashine ya kupikia wanayoiita mikro-onde, sanduku jeupe lenye mlango wa kioo, unaweka chakula ndani, unazungusha kitufe, taa inawaka, sahani inazunguka, na muda ukiisha inalia ting, bila moto na bila moshi. Na ujue, mama, kwamba mwezi uleule kazi ya ukubwa wa ofisi yao, kazi ambayo Hamadi aliingoja miaka tisa na kila mtu alisema ni yake, ilipewa mtu mwingine aliyeshuka na ndege kutoka Kinshasa, na bwana wangu alirudi nyumbani akavua abakosti yake, ile suti ya heshima isiyovaliwa tai, akaikunja polepole, akaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Kwa hiyo mashine ilipoingia na nikamwona anaipangusa kwa leso yake mwenyewe huku anapiga mluzi, nilifurahi kuliko yeye.

Jumamosi iliyofuata akaniita jina langu akasema, "Safi, leo kisha Salongo nitaleta batu batatu. Usiwashe moto. Pika mu mashine, bajionee."

Nilijaribu, Mungu ananiona. Umeme ulipokuja niliweka mchele, ukakauka pembeni ukabaki mbichi katikati, nikaweka samaki, akapasuka humo ndani kwa kishindo akatapakaa kwenye mlango, na sombe ya majani ya muhogo niliyoitwanga asubuhi niliiweka na maji kwenye bakuli la kioo dakika sita, ikatoka inatokota lakini rangi bado ni ya shambani, na nilipoionja ulimi ulikufa ganzi kwa uchungu wa jani bichi, nikaitema. Na sauti zao nazisikia tayari njiani, wanatoka Salongo, ile kazi ya serikali ya kulima barabara, wana majembe mabegani, wana njaa. Nikapita uani nikakimbia kwa Adolphine, mke wa dereva wa treni, yeye ni mtu wa upande wa mji wa Kama na sombe yake huiweka motoni asubuhi na mapema, nikamwambia nipe sombe yako na wali wako, nitakueleza baadaye, nikamimina kwenye bakuli la kioo, nikaingiza mashinani, nikafunga mlango. Hamadi akaingia na wenzake akazungusha kitufe mwenyewe. Wote watatu wakainama kutazama bakuli linavyozunguka, mpaka ikalia.

"Dakika sita!" akasema Bruno, anayeuza tiketi za treni, chakula kimejaa mdomoni. "Hamadi, hii sombe iko tamu kupita ya mama yangu. Kweli, njo mashine ilipika hii?"

"Njo mashine," akajibu bwana wangu. "Bibi yangu hagusake hata kuni. Anafungula, anafunga, basi."

Akanitazama kwa uso ambao sikuuona tena tangu siku ya abakosti. Ningesema nini, mama? Nikawaongezea wali, na kuanzia hapo nikawa mpishi wa siri katika nyumba yangu mwenyewe. Kila siku akishatoka kwenda kazini saa moja nawasha moto katika jiko la nje, natwanga, nachemsha, nakaanga, na kabla ya saa sita nazima makaa kwa maji, nazoa majivu, nafagia, sufuria nyeusi naipeleka kwa Adolphine aifiche chini ya kitanda chake, chakula nakihamishia kwenye bakuli la kioo, naoga nisinuke moshi, nabadilisha kitenge, na bwana akiingia ananikuta nimekaa kwenye kiti nimekunja mikono. Miezi saba sasa. Nimechoka kuliko kabla mashine haijaja, na majirani wananionea wivu kwa kupumzika.

Sasa sikia nilipofikia. Kwa kuwa kila akirudi anakuta jiko la nje ni baridi, limefagiwa, halina hata jivu, mwezi uliopita alisimama mlangoni pake akasema, "Hii jiko imekuwa ya bure. Tutaibomoa, pale tutajenga chumba ya bageni." Nikasema umeme hauji siku nzima na siku nyingine hauji kabisa, akasema atatafuta jenereta, nikasema je, siku ya watu wengi, akasema, "Dakika sita mara kumi ni saa moja. Unaogopa nini?" Matofali yameshaletwa, yamepangwa ukutani, na fundi atakuja mwezi wa sita mvua zikipungua. Jiko lile mama mkwe wangu alisimama juu ya mafundi kulijenga alipotoka Lokandu kuja kukaa nasi, Mungu amrehemu, humo alinifundisha kupika upya kana kwamba kwetu sikufundishwa, na humo Jamila naye anajifunza kwangu, ingawa anachojifunza siku hizi ni kuficha majivu.

Yote hayo ningeyameza. Lakini wiki mbili zilizopita Germaine, mke wa yule Bruno, alinisimamisha sokoni akaniuliza kama ni kweli sombe huiva kwa dakika sita, nami nikasema ni kweli, kwa sababu mume wake ameshakula kwangu mara nyingi na nikisema sivyo habari itamfikia Hamadi kabla sijafika nyumbani. Akasema, "Kumbe siye bote tulikuwa tunapoteza makala bure." Nikacheka. Akaenda kwake akatwanga sombe juu juu, akaichemsha robo saa, kwa hesabu kwamba makaa hayana nguvu ya mashine lakini robo saa inapita dakika sita mara mbili, akatia mawese na chumvi, akawapa watoto. Binti yake mdogo Claudine, miaka mitatu, akatapika, akalegea, macho yakawa mazito, wakambeba mbio mpaka zahanati, nami nikawafuata. Mwuguzi akauliza mtoto amekula nini, Germaine akasema sombe, akauliza ilichemka muda gani, Germaine akageuka akanitazama. Nami nikatazama chini.

Mtoto amepona, Alhamdulillahi, kesho yake alikuwa analilia muwa. Lakini nasikia wanawake wengine wawili katika mtaa wetu nao wamepunguza muda wa kuchemsha, na Hamadi aliposimuliwa akasema mwuguzi yule hajui mambo ya kisasa. Usingizi sina, chakula chenyewe ninachokipika kinanishinda kukila. Nikisema ukweli, bwana wangu atakuwa kichekesho cha baraza lake mwenyewe, na heshima ya pale barazani ndiyo pekee iliyombakia. Nikinyamaza, jiko litabomolewa na mtoto wa mtu anaweza kufa kwa neno langu. Adolphine anasema nimwage maji ndani ya mashine, iharibike, mambo yaishe kimya kimya bila mtu kuaibika. Ndoo nimeshaijaza, iko hapa karibu na mguu wangu. Nifanye nini, mama?

Mimi niliye katika mashaka,
Safi

* * *

Binti yangu Safi,

Maji ya ndoo hiyo mwagia mboga.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nilipofika kwa Claudine, mara ya pili sikucheka hata kidogo. Jibu hili silichapishi sasa, nalituma kwa mkono, na anayekupa bahasha ni huyo huyo Adolphine aliyeniletea barua yako. (Nawe Adolphine, najua umeifungua. Endelea kusoma, lako liko mbele.) Unaniomba nifiche majina. Nitayaficha vipi, Safi? Nikiandika tu "bibi mmoja mwenye mikro-onde", Kindu yote itageuza shingo kutazama mlango wako, maana mashine hiyo iko moja mjini. Basi habari hii itatoka gazetini siku utakayoniruhusu wewe, na usiponiruhusu itazeeka katika mtoto wa meza yangu. Ila jambo la sombe haliwezi kukungoja. Nimeliweka katika toleo la mwezi huu, juu kabisa ya ukurasa, bila jina la mtu: itwangwe mpaka ilainike, ichemshwe kwa maji mengi, sufuria iwe wazi mvuke utoke, na asiye na nafasi ya kuichemsha sawasawa apike lenga-lenga, yaani mchicha, siku hiyo.

Nakuelewa. Nimefundisha wanawake kupika na kushona katika foyer, nyumba ya mafunzo ya akina mama, miaka kumi na mitano, nimeona wake waliowaficha waume zao mambo mabaya kuliko sufuria. Siku ile ya kwanza ulikimbia kwa jirani kwa sababu ulimpenda mtu aliyerudi nyumbani akakunja abakosti yake, na siku ile peke yake nisingekugombeza. Wageni wako mlangoni, samaki amepasuka, nani hangekimbia?

Lakini siku ya pili je? Na mwezi wa pili? Unaita heshima kumvika mumeo kilemba cha ukoka kila siku saa sita na nusu? Umempikia miezi saba na hajui kwamba umempikia. Hajakushukuru hata mara moja, kwa sababu ulihakikisha hana cha kukushukuru, shukrani zote ziliiendea mashine. Kisha unashangaa kwamba anataka kubomoa jiko! Mtu anabomoa anachokiona hakina kazi, na wewe mwenyewe ndiye uliyelifagia likaonekana halina kazi. Hamadi ni karani wa bidhaa. Anaandika anachokiona kimeshuka behewani. Wewe ulimshushia sombe ya dakika sita, akaandika dakika sita. Hesabu yake ya mara kumi ni sahihi kabisa, ni mzigo ndio wa uongo.

Na usianze kuichukia mashine. Haikusema neno hata moja, mliosema ni ninyi wawili. Naijua, niliiona kwa watawa huko Bukavu. Inapasha samaki wa jana vizuri, inachemsha maji ya chai kabla hujatafuta sukari, maziwa ya mtoto inayatia uvuguvugu bila kuyaunguza. Iache ifanye hayo na umshukuru aliyeileta. Lakini jani la muhogo lina sumu yake, na sumu hiyo hutoka kwa kutwangwa na kwa muda. Utamu nao unakaa humo humo kwenye muda. Mawese yanataka kuingia, kisha yanataka kupanda tena juu, kitunguu kipotee, samaki mkavu aachie chumvi yake. Nani anaweza kuyaharakisha hayo kwa kitufe? Mama mkwe wako alipokufundisha upya alijua anachofanya, na unajua hivyo, ndiyo maana hukuweza kuwapa watu ile sombe mbichi. Ulimi wako ulikataa uongo kabla yako.

Sasa nisikilize, na ufanye kwa mpangilio huu.

Leo hii, kabla ya jioni, nenda kwa Germaine. Usibebe zawadi, zawadi itamlazimisha akusamehe mbele ya macho yako. Usianze na habari ya mumeo wala ya jiko. Mwambie kwa sentensi moja: nilikudanganya, mashine haikupika sombe hata siku moja, niliichemsha motoni kama wewe. Akikufukuza, ondoka. Akinyamaza, kaa. Kisha wafuate wale wawili waliopunguza muda, uwaambie vilevile, usimtume mtu. Mtoto aliyelegea mgongoni kwa mama yake ndiye wa kwanza katika habari hii, anakuja kabla ya mumeo na kabla ya matofali.

Baadaye mumeo. Usimwambie barazani, usimwandikie, usiwapelekee wazee wa pande zenu wakamkalisha kikao kwa ajili ya sombe. Chagua Jumapili, siku asiyokwenda kazini. Saa moja asubuhi mkalishe mlangoni pa jiko, mwambie ashike saa yake. Mtu wa reli haamini maneno, anaamini saa. Uwashe moto mbele yake, utwange mbele yake, na Jamila awe pembeni anatwanga nawe, maana huyu umemfundisha uongo wa jikoni na ni wajibu wako kuufuta. Usijieleze mpaka chakula kiive. Mpakulie, ale, aitambue kwa ulimi wake. Akiitambua ndipo useme yote, hata habari ya kujificha na sufuria chini ya kitanda cha watu. Na kama atataka ushahidi, weka mchele mkavu na maji katika bakuli la kioo kwa dakika sita aone. Mchele, nimesema. Sombe usithubutu.

Halafu mwambie kwa nini. Hapo utataka kukimbia, nakujua kwa barua yako. Mwambie ulimwona anaikunja abakosti, na hukutaka kumwona tena vile. Hajawahi kusikia kwamba uliona. Neno hilo usilibakize.

Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike akiwa ameshiba. Usimbembeleze, usilie ili aache, usimlete Adolphine kumtetea mtu. Na wewe Adolphine, mwenye wazo la maji mashinani, rudisha sufuria ya watu, na siku nyingine jirani akija mbio kwako kuomba chakula, mpe, kisha umuulize kuna nini.

La mwisho, jiko. Kama moyo utakushinda siku zikapita na fundi akatokea na nyundo yake kabla hujasema, basi washa moto, injika sufuria, kaa kwenye kigoda. Sijaona fundi wa Kindu anayebomoa jiko lenye sufuria motoni. Atakaa chini angoje chakula, na mumeo akirudi atawakuta hapo, na utalazimika kusema mbele ya mtu wa tatu kile ulichoogopa kukisema mkiwa wawili. Chagua mwenyewe unataka ipi.

Piga moyo konde, binti yangu. Moto uliouzima kila siku kwa maji, Jumapili usiuzime.

Mama Onema

* * *

Mama Onema,

Nilikwenda kwa Germaine siku ileile uliyosema. Alikuwa anapepeta mchele. Nikasema ile sentensi, akaendelea kupepeta mpaka mchele wote ukaisha, ndipo akaweka ungo chini. "Nilijua tangu pale zahanati kwa muganga," akasema. "Nilikuwa nangoya useme." Akanisogezea kiti. Hatujarudi kuwa kama zamani, lakini kesho yake tulikwenda pamoja kwa wale wawili, na mmoja alikuwa na sombe motoni, tukaongeza maji tukakaa naye mpaka ikaiva.

Jumapili nilimkalisha Hamadi mlangoni pa jiko na saa yake mkononi. Alidhani ni mchezo. Jamila alitwanga nami, wala hakuthubutu kumtazama baba yake. Baada ya saa moja akauliza kama nimegombana na mashine, nikasema bado, ngoja. Baada ya masaa mawili akaacha kuuliza, akakaa tu anatazama moto. Saa tano haijafika, mawese yakapanda juu, nikampakulia. Alikula matonge matatu kisha mkono wake ukasimama.

"Njo ileile," akasema.

"Njo ileile, baba Jamila. Tangu siku ya kwanza. Ya siku ya kwanza ilikuwa ya Adolphine."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na moto?"

"Nilikuwa nauzima na mayi."

Akatazama sakafu ya jiko, pale maji na makaa ya miezi saba yalipoingia kwenye udongo yakauacha mweusi. Nadhani hakuwahi kupaona. Nikamweleza habari ya Germaine na mtoto, nikamweleza habari ya abakosti, na hapo kwenye abakosti nikalia ingawa ulinikataza. Akanawa mikono akatoka. Siku tano hakusema nami neno, na siku tano hizo alikula kila nilichomwekea, akamaliza.

Jumamosi, baada ya Salongo, nikasikia majembe njiani. Alikuwa ameleta watu walewale na hakuniambia. Mimi nilikuwa jikoni, moto unawaka, sufuria nyeusi iko juu yake na mikono yangu imejaa masizi. Nilitaka kukimbia, nakwambia kweli, miguu ilishaanza kugeuka. Nikabaki. Wakapita uani, na Florentin wa karakana akaona moshi akasimama.

"Hamadi, mashine imekufa?"

"Iko nzima," akasema bwana wangu. "Inapashaka chai."

"Sasa hii sombe ni dakika ngapi?"

Bruno, ambaye Germaine alishamweleza yote, aligeuza uso akatazama ukuta ili asimwone mwenzake anavyoaibika. Hamadi akatoa saa yake mfukoni, akaishika, hakuitazama.

"Masaa tatu na dakika makumi ine," akasema. "Nilipima miye mwenyewe. Bibi yangu njo anapikaka, tangu zamani, na miye njo nilikuwa nabadanganya." Kisha akamgeukia Bruno. "Na ile siku nilisema muganga hajue kitu. Anajua. Mutoto wako, Bruno, unisamehe."

Hakuna aliyecheka, mama. Wakakaa palepale uani, karibu na moto, nikawapakulia kutoka sufuria nyeusi.

Matofali bado yako ukutani, hajasema yatajenga nini nami sijauliza. Fundi ameambiwa asije. Sasa chapisha, na barua ya kwanza uichapishe nzima, na majina uyaache kama yalivyo, kwa sababu nilimuuliza Hamadi kama nikuandikie uyafute, akafikiri, akasema ukurasa huo ukitoka atausoma mwenyewe kwa sauti barazani kama kawaida yake, na mwenye kucheka acheke. Mimi nitakuwa jikoni, nasikia.

Safi, mke wa Hamadi, nyumba za reli